Kabla Uuze Laptopu Yako kwa Hasara: Historia ya Apdeti na Sauti Inayokwaruza

Wasee, kabla ya historia wacha niwaambie mahali nimeketi. Niko ndani ya SQ huku Lavington, chumba kimoja nyuma ya nyumba ya wenyewe. Kitanda upande huu, meza upande ule, na juu ya meza kuna laptopu ambayo ndiyo ofisi yangu, studio yangu na mwajiri wangu. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, pesa ya semista ndiyo nilinunulia hii mashine. Eks-UK, elfu ishirini na nane, pale tao. Mama nilimwambia baadaye. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Sasa mwanangu, hiyo kitu itakulisha?"

Nilisema ndiyo. Na kwa muda ilinilisha kweli.

Halafu kukatokea Alhamisi moja. Nilikuwa nimepata kazi ya kusomea video ya mafunzo, dakika kumi na mbili za sauti, elfu kumi na tano. Kwa mtu wa SQ hiyo si pesa ya kuchezea. Nikarekodi usiku, majirani wakiwa wamelala na mbwa wa Lavington wametulia kidogo. Nikasikiliza mara moja, sauti safi kama maji ya mtungi. Nikalala nikiwa nimeacha mashine imewaka.

Asubuhi nilipata skrini imeandika nisizime, kuna kitu kinasakinishwa. Ilipomaliza, ilichukua dakika nzima nne kuwaka. Feni inavuma kama pikipiki inapanda mlima wa Kangemi. Nikafungua ile rekodi ya jana usiku, nikasikia: trr, tak, tak, trr. Sauti yangu imekatwakatwa kama sukuma.

Nikamwandikia mteja: naomba siku mbili, rekodi imeharibika. Akajibu kwa heshima kwamba ameshapata mtu mwingine. Mimi nikabeba mashine mpaka tao kwa fundi. Akaiweka sikioni, akaicheza kidogo, akasema, "Boss, hapa ni saundikadi imeenda. Na iko kwa bodi. Elfu tisa na nusu nikubadilishie bodi, ama niinunue saba nitoe speya." Nilikaribia kuiacha hapo. Kitu pekee kilichonirudisha ni ile sauti ya mama: itakulisha?

Sasa sikia kilichoniuma. Siku tatu baadaye nilituma ile rekodi kwa simu, nisikie uharibifu umefika wapi. Kwa simu ilikuwa safi. Dakika zote kumi na mbili. Faili haikuwa imeharibika hata nukta moja. Kilichoharibika ni kuicheza tu, kwa ile laptopu, baada ya ile apdeti. Ningeituma Ijumaa asubuhi bila kuisikiliza, ningelipwa. Nilipoteza kazi kwa sababu niliamini kelele.

Beshte yangu mmoja anayetengeneza bits ndiye aliniambia nizime Wi-Fi kisha nicheze tena. Nikazima. Tak-tak ikaisha. Niliketi kwa kitanda nikacheka vibaya sana. Halafu nikaanza kusoma, kwa sababu nilitaka kujua: Wi-Fi na sauti zinajuana wapi? Nilichopata ni historia ndefu kuliko umri wetu wengi hapa.

Sauti ni mteja asiye na subira

Kwanza tuelewe kitu moja. Picha ikichelewa kidogo kwa skrini, jicho linasamehe. Sikio halisamehi. Kompyuta ikicheza sauti ya kawaida ya video, inasukuma sampuli 48,000 kila sekunde. Hazitoki moja moja. Zinawekwa kwa foleni ndogo inaitwa bafa. Tuseme bafa ina sampuli 480: hiyo ni milisekunde 10 za sauti. Ina maana kila milisekunde 10 lazima mtu ajaze ile bafa tena.

Fikiria mama wa kibanda anayekaanga chapati. Yeye ndiye prosesa. Wateja ni wengi: Wi-Fi, diski, betri, kadi ya picha, Bluetooth. Kila mmoja ana mjumbe wake, hao ndio tunaita draiva. Sauti ni mteja anayekula chapati moja kila milisekunde 10, bila kupumzika. Sasa mjumbe wa Wi-Fi akija akamshika mama mkono, akamwambia hadithi ndefu ya milisekunde 15, sahani ya sauti inabaki tupu. Hiyo sahani tupu ndiyo wewe unasikia kama "tak". Spika ni nzima, saundikadi ni nzima, na rekodi iko sawa. Ni mjumbe mmoja tu hana adabu.

Na apdeti inafanya nini? Mara nyingi inabadilisha wajumbe. Unalala na draiva iliyotengenezwa na kampuni iliyounda laptopu yako, unaamka na nyingine ya jumla ambayo haijui tabia za mashine yako. Ndiyo maana kitu kilikuwa sawa jana, leo ni kelele.

2007: kosa likapata jina

Hii vita ilijulikana dunia nzima Windows Vista ilipotoka tarehe 30 Januari 2007. Microsoft walikuwa wameunda upya mfumo mzima wa sauti. Sehemu kubwa ya kazi hiyo waliitoa ndani kabisa ya moyo wa mfumo, wakaiweka nje kidogo, ili draiva mbaya ya sauti isiangushe kompyuta nzima. Wazo lilikuwa zuri. Lakini kadi nyingi za sauti zilizokuwa zikitegemea njia ya zamani zilipoteza nguvu zake. Watu walionunua Sound Blaster za Creative kwa pesa nyingi wakajikuta na draiva zisizokamilika. Kuna mtu mmoja aliyejiita Daniel_K, hakuwa mfanyakazi wao, aliyerekebisha draiva hizo mwenyewe na kuwagawia watu. Machi 2008 Creative wakamwambia aache. Wateja waliwaka moto mpaka kampuni ikalegeza msimamo.

Ila kisa kinachonihusu mimi ni kingine. Mwaka huo wa 2007 watu waligundua jambo la ajabu: ukicheza muziki kwenye Vista, mtandao unakuwa polepole. Ni ile shida yangu, lakini imegeuzwa upande wa pili. Mwezi wa Agosti, mhandisi wa Microsoft anayeitwa Mark Russinovich akaeleza wazi. Walikuwa wanajua kwamba draiva za mtandao zinamshika prosesa mkono na kukata sauti. Kwa hivyo waliweka askari wa zamu: sauti ikicheza, mtandao unaruhusiwa kupitisha pakiti 10 tu kwa kila milisekunde. Na kwa mashine zenye kadi zaidi ya moja za mtandao, kulikuwa na hitilafu iliyoubana zaidi ya hapo.

Hebu soma hiyo tena. Waliojenga mfumo wenyewe walijua Wi-Fi na sauti zinapigania prosesa, miaka mingi kabla fundi hajaniambia bodi imekufa. Jibu lilikuwa limeandikwa. Halikuwa limefika tu kwa benchi la tao.

Kwa nini halikufika

Hapa ndipo historia yetu inaachana na yao.

Huko nje, watu walijifunza apdeti kwa kuumizwa nazo kila mwezi. Sisi tulijifunza kuziepuka. Agosti 2004 Windows XP ilipata sasisho kubwa, Service Pack 2. Faili yake kamili ilikuwa karibu megabaiti 266. Kwa laini ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya masaa kumi, na hapo nimechukulia laini haikatiki, stima haiendi, na hakuna mtu anataka kupiga simu ya nyumbani. Nani angeshusha? Intaneti yetu wakati huo ilipitia setilaiti, na saiba walikuwa wanakuhesabia dakika. Kwa hivyo fundi wa kweli alikuwa na kazi moja: kufomati, kuweka XP ya CD, na kuzima apdeti. Hiyo ilikuwa busara ya wakati wake. Simcheki mtu.

Halafu 2009 kebo zikafika Mombasa. TEAMS kutoka Fujairah ilifikishwa ufukweni mwezi wa Juni, na SEACOM ikaanza kazi mwezi wa Julai. Ghafla mtandao ukawa kitu cha kawaida. Mwaka uliofuata, 2010, iHub ikafunguliwa pale Ngong Road, si mbali na hapa nilipo, na serikali ikawa na mpango wa Wezesha wa kuwasaidia wanafunzi wa vyuo vikuu kununua laptopu kwa bei nafuu. Walimu wa Kiswahili wakaiita kipakatalishi, kwa sababu unaipakata kama mtoto. Jina zuri, ila walisahau kusema mtoto mwenyewe ni wa kuasili. Maana wengi wetu hatukununua mpya. Tulinunua zile zilizotumika ofisi za Ulaya miaka mitatu, minne, zikatolewa, zikapakiwa, zikaja kwetu.

Si wote Afrika Mashariki walizipenda. Kwenye bajeti ya mwaka huohuo wa 2009, Uganda ilitangaza marufuku ya kuingiza kompyuta zilizotumika, wakiogopa nchi itageuka jaa la taka za elektroniki. Hofu yao ilikuwa na msingi. Lakini hapa Nairobi hizo mashine ndizo zilisomesha watu, zikaendesha saiba, zikazaa maprodyusa wa vyumbani na watu kama mimi.

Sasa unganisha hayo mambo mawili. Tuna mtandao wa kushusha kila apdeti, na tuna mashine ambazo apdeti hizo hazikuandikwa zikiwa akilini. Anayejaribu sasisho huko Redmond hajaribu sana kwa laptopu ya mwaka 2013 ambayo betri imebadilishwa, RAM imeongezwa na diski ni ya tatu. Hiyo pengo la miaka ndipo tunaishi.

Apdeti zikawa lazima

Windows 10 ilipotoka tarehe 29 Julai 2015, toleo la nyumbani halikuwa tena na swichi ya kawaida ya kukataa apdeti. Zile busara za fundi za kuzima kila kitu zikapitwa na wakati. Na tuseme ukweli, kulikuwa na sababu nzuri. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilishika mashine kote duniani kupitia shimo ambalo Microsoft walikuwa wameliziba tangu Machi. Walioumia ni wale ambao hawakusasisha.

Lakini lazima ina gharama. Januari 2018 dunia iliambiwa prosesa zenyewe zina makosa, yaliyoitwa Meltdown na Spectre. Dawa yake ilikuja kama sasisho, na Microsoft wenyewe walikiri kwamba kompyuta zenye prosesa za Haswell, zile za 2013, au za zamani zaidi, zitapungua kasi. Sasa nenda kwa duka lolote la eks-UK ukaangalie HP EliteBook 840 G1: ni Haswell. Wakati huo ndizo zilikuwa zimejaa mikononi mwetu. Kwa hivyo yule mtu aliyekuambia 2018 kwamba "hii laptopu imekuwa nzito baada ya apdeti" hakuwa anaota. Wengi walijibiwa ni virusi, wakalipa kufomati, wakaweka mfumo uleule, ukashusha dawa ileile.

Oktoba mwaka huohuo, toleo la 1809 lilisimamishwa baada ya kufuta faili za watu wengine. Mwezi uleule draiva isiyofaa ya sauti ya Intel ikasambazwa kimakosa, na watu wakaamka kompyuta ni bubu. Septemba 2019, sasisho moja lilifanya sauti ya baadhi ya magemu kusikika chini au tofauti, na Microsoft wakakubali. Januari 2025, sasisho lingine likazima baadhi ya vifaa vya sauti vya USB vya aina ya zamani, vile watu wa muziki hutumia.

Na kabla mtu wa Mac ajigambe: Mac za 2018 zenye chipu ya T2 zilikuwa zinakata sauti ya USB mpaka sasisho la Machi 2019. Watu wa Linux nao wanakumbuka Ubuntu 8.04 ya Aprili 2008, ilipoleta PulseAudio kabla haijaiva, na sauti za watu zikaanza kukwama. Hakuna mfumo uliokwepa hii. Sauti ni mteja asiye na subira kila mahali.

Tarehe inayotuhusu

Tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya bure. Windows 11 kwa sheria zake inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, yaani za kuanzia mwisho wa 2017. Mashine nyingi za mtaani ni kizazi cha 4, 5, 6. Kwa karatasi, zimekufa. Kwa meza yangu, hii ninayoandikia ni kizazi cha 6 na bado inafanya kazi.

Huu ndio wakati mtu atapoteza mali kwa hofu. Laptopu itaanza kukwaruza, utaambiwa "hii ni ya zamani, nipe elfu tano nikuondolee mzigo." Kesho iko dirishani kwa elfu ishirini na mbili, na sauti ni safi. Sisemi mafundi wote ni wezi. Fundi wangu nadhani aliamini alichosema. Lakini mtu asiyejua historia ya kifaa chake huuziwa ugonjwa pamoja na dawa.

Kwa hivyo, kabla ya kubeba mashine kwenda tao, fanya hivi kwa utaratibu:

Moja, iache imechomekwa kwa stima masaa mawili matatu baada ya apdeti kubwa. Mara nyingi inapanga upya faharasa ya faili na kukagua virusi. Fungua Task Manager uone nani anakula. Kama diski ni ya kuzunguka na imegonga asilimia 100, tatizo lako ni diski. SSD inaifanya mashine kuwa nyingine kabisa.

Mbili, cheza ile sauti kwa simu. Ikiwa safi huko, rekodi yako iko salama. Itume. Usiwe kama mimi.

Tatu, zima Wi-Fi na Bluetooth, cheza tena. Ikitulia, umempata mjumbe. Kuna programu ya bure inaitwa LatencyMon itakayokutajia draiva inayochelewesha.

Nne, ingia Device Manager urudishe draiva ya awali ya hicho kifaa, ama chukua ile ya mtengenezaji wa laptopu yako. Kama ni toleo zima la mfumo lililobadilika, kwa kawaida una siku 10 za kurudi nyuma.

Tano, kama uko Windows 10, kuna mpango wa Microsoft wa mwaka mmoja wa ziada wa masasisho ya usalama kwa watu wa kawaida, mpaka 13 Oktoba 2026, na kuna njia ya kuupata bila kulipa. Baada ya hapo kuna Linux, na haiulizi prosesa yako ilizaliwa lini. Wala Kiswahili na programu huria si wageni: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, wakati wengi wetu hapa tulikuwa tunanyonya.

Mimi nilirudisha draiva ya Wi-Fi ya zamani. Ilichukua dakika sita. Yule mteja hakurudi, na elfu kumi na tano hazikurudi. Kodi ya mwezi huo nilikopa, na nililipa pole pole.

Mama alinipigia wiki hiyo. Akauliza mashine inaendeleaje. Nikamwambia iliugua kidogo. Akasema, "Na ulijuaje dawa?" Nikaanza kumweleza habari ya mama wa chapati na mjumbe asiye na adabu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kompyuta tatu za shule yao zimewekwa stoo tangu mwaka jana kwa sababu ziliambiwa zimekufa sauti na zimekuwa nzito. Hakuna aliyezifungua tangu hapo.

Likizo ya Agosti naenda nyumbani. Nimebeba flashi, SSD moja ya mtumba, na bisibisi.